Uliniletea Mtoto Nusu

Siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo kwa sauti ya kifua cha mtoto. Kilikuwa kinapiga mluzi. Hata sasa, mahindi yakichanua na nikisikia mtoto wa jirani akikohoa, natoka nje kusikiliza, na wajukuu wangu wananicheka. Wacha wacheke.

Nilikuwa bibi arusi mpya Kianjokoma, mwaka haujaisha tangu niolewe, na bado niliishi kwa wakwe zangu kwa adabu ya kuchosha, naosha hata sufuria zilizo safi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Embu mjini. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa serikali huko Siakago, chini kwenye joto. Likizo ya Desemba akatuletea binti yake wa miaka saba, Marigu. Jina hilo alipewa la nyanya yake, yaani mama mkwe wangu, na huyo mama alipomwita wajina wake uani ungedhani anajiita mwenyewe, kwa jinsi alivyofurahi.

Wifi aliniachia maagizo ya kutosha. Mtoto hapendi uji wa wimbi. Nguo za kanisa ni zile za buluu. Asilale bila soksi. Akamaliza chai yake, akamvuta mtoto kando, akamnong'oneza kitu sikioni, mimi na mama mkwe tukiona, akaenda zake.

Shambani maharagwe yalikuwa yamekauka, na sisi huyapanda katikati ya mahindi. Mahindi nayo yalikuwa yamechanua, yale maua ya juu yanayomwaga unga wa manjano ukiyagusa tu. Nilienda kung'oa maharagwe, na mtoto akanifuata kwa furaha, anatikisa kila shina ili unga utumwagikie kichwani. Akaanza kupiga chafya. Akasugua macho mpaka yakawa mekundu. Nikamtania, "Wewe mtoto wa ofisi, shamba limekukataa?" Akacheka, akaendelea kusugua pua.

Alasiri ukungu ukashuka kutoka mlimani, na yeye akanyamaza. Mtoto wa miaka saba akinyamaza ghafla, mwanangu, tupa jembe umwangalie. Mimi nilidhani ni baridi. Huku kwetu kila kikohozi ni baridi, na dawa ya baridi ni moto. Basi nikamwingiza ndani, nikamfunga blanketi, nikaleta jiko la makaa, nikafunga mlango na dirisha. Nilifanya yale ambayo mama yangu angefanya, na kila nililofanya lilimzidishia.

Hapo ndipo kifua kilipoanza kupiga mluzi. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Ngozi ya shingoni ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa. Nikamuuliza anaumwa wapi, hakujibu. Macho yake yalikuwa yanakwenda ukutani, penye msumari alipotundika begi lake, kisha yanarudi kwangu, kisha yanakwenda tena. Nikadhani anatamani kwao. Nikawa namwambia, "Mama atakuja, nyamaza, mama atakuja," na huku moyoni nalia kwamba mtoto wa watu atanifia mkononi, na mimi ni mgeni katika boma hili, na hakuna atakayeniamini.

Nikatoka mpaka ukingo wa shamba nikapiga ukelele kuelekea kituo cha chai, ng'ambo ya bonde. Siku hizo hakukuwa na simu mfukoni. Tuliitana kwa koo. Mama mkwe alikuwa kwenye foleni ya kupima chai. Aliacha kikapu hapo hapo. Yule mama mwenye magoti mabovu alipanda kile kilima mbio, akaingia, akakohoa kwa makaa, akalisukuma jiko nje kwa mguu na kuacha mlango wazi.

"Nimempa moto, Mama, lakini..."

"Wacha kuongea. Huyu mtoto anaangalia nini?"

Nilikuwa nimeyaona macho hayo muda wote, ila sikuyafuata. Yeye aliyafuata. Akashusha begi, akaliweka mapajani pa mtoto, akamwambia polepole, "Wajina wangu, mama yako alikukataza kusema nini?"

Mtoto alilia bila sauti, maana sauti haikuwepo. Akaingiza mkono ndani kabisa, akatoa soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na pampu, ile dawa ya kuvuta ya watu wa pumu. Sisi watu wazima wawili hatukujua hata pa kuishika. Yeye aliijua. Akaitikisa, akaiweka mdomoni, akavuta, akangoja, akavuta tena. Alikuwa karibu kufa, mwanangu, na bado alikuwa anamtunzia mama yake siri. Nikikumbuka hilo hasira hunipanda upya.

Tulipata gari la maziwa likatushusha kwenye kituo cha afya. Mama mkwe alikuwa mbele amempakata, kila kona anamwambia, "Vuta, wajina, vuta pole." Daktari alipomaliza kumhudumia alitueleza kwamba kuna watoto ambao vumbi la maua linawawasha macho na pua, na likizidi linawafunga kifua, na moshi unamalizia. Msimu huo ukifika asitumwe kwenye mahindi. Akitoka nje anawe uso, abadilishe nguo, na blanketi lake lisianikwe kwenye ua karibu na shamba. Na pampu isikae mahali pa kutafutwa. Mtoto alilala akiwa amenishika kidole.

Tulimtumia wifi habari, akafika nyumbani kesho yake. Nilimimina chai ya wote. Hakunisalimu.

"Mimi nilileta mtoto mzima hapa. Sasa huyu msichana amemfanyia nini?"

Nikainamisha kichwa. Nilijua mama atasimama na damu yake. Lakini mama mkwe aliweka kikombe chini.

"Mzima gani? Wewe uliniletea mtoto nusu. Nusu ingine ulifunga kwa soksi. Ati soksi! Umemwambia huyu habari ya uji na nguo ya kanisa, lakini kitu inaweza kuua mtoto ukanyamazia. Sasa ukimlaumu utamlaumu na nini?"

Wifi alilia. Alisema wakwe zake wa Siakago walikuwa wanasema ameingiza pumu katika ukoo wao, kwamba huyo binti hataolewa, na hakutaka maneno hayo yafike mpaka huku kwa wazazi wake. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hata mimi ningeona aibu. Lakini ningeona aibu na mtoto akiwa hai." Kisha akamtuma kuniomba msamaha, na wifi akafanya hivyo.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayemwachia msichana wa kazi mtoto, au unayemleta kwa nyanya kila likizo. Mtoto anayewashwa macho kila mahindi yakichanua hana laana, wala hajadekezwa. Mpeleke kwa daktari kabla msimu haujafika, usingoje mluzi. Kisha sema. Mwambie mwalimu, mwambie jirani, mwambie mama mkwe hata kama mmekosana. Mwonyeshe kila anayemshika mtoto huyo dawa iko wapi na inatumiwaje, aishike kwa mikono yake wewe ukimwona. Na mtoto mwenyewe usimfundishe kamwe kuona haya kuomba pumzi, kwa sababu atakutii.

Mungu awape watoto wenu vifua vyepesi msimu wa maua na msimu wa baridi. Awape walezi wenye macho ya kufuata macho ya mtoto. Na ninyi wazazi awafungue midomo mapema, mlangoni, kabla hamjaondoka.