Siku Nilipojiingiza Kwenye Ukoo wa Yesu

Chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea, maana mpaka leo nikishuka kwenye basi Malinyi hakosi mtu wa kuniuliza kama nimetokea Ifakara au Bethlehemu.

Nilikwenda kujitambulisha ukweni. Kabula wangu ni Msukuma, baba yake, Mzee Masanja, ni mfugaji na tena katekista, mimi ni Mpogoro, na sifa pekee niliyotangulizwa nayo ni kwamba nasoma masomo kanisani (shati lenyewe la kuazima). Nilijua mzee akinikataa ndiyo basi, Kabula simpati. Sasa kabla ya mazungumzo akanikabidhi Biblia: "Kijana, tufungulie kwa neno. Mathayo, sura ya kwanza." Ule ukoo! Huyu kamzaa yule, yule kamzaa huyu, na huku jikoni wali na kambale vinanukia, nami tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni, nikaona nani atajua, nikasoma Abrahamu, Isaka, Yakobo, nikamgusa Daudi kidogo, "na wengine wengi," nikatua kwa Yosefu.

Mzee akasema, "Haya. Na wewe tutajie ukoo wako."

Nikamgeukia mshenga wangu, ambaye ni mjomba (nani alinituma nimchukue ndugu wa mama wakati kinachoulizwa ni ukoo wa baba?), naye akawa anakagua mabati.

"Mimi ni Severini wa Gaspari," nikaanza vizuri. "Gaspari wa Yohane. Yohane wa..." Hapo ndipo nilipoishia kuwajua. Lakini Biblia ilikuwa bado wazi mapajani, jicho likateremka lenyewe. "Wa Eliakimu. Eliakimu wa Azori. Azori wa Sadoki."

"Ngoja," akasema Mzee Masanja. "Azori ni mtoto wa Eliakimu, wewe umemfanya baba yake. Halafu kumbe wewe na Yesu ni ndugu!"

Nyumba nzima ilivunjika mbavu, mjomba naye akacheka, Kabula akajifunika khanga usoni. Mzee alipomaliza kujifuta machozi akasema, "Wale uliowaruka ndio umewaita wakuokoe. Mungu alimwahidi Abrahamu baraka kwa uzao wake. Unadhani ahadi ilipaa ikatua kwa Yosefu? Ilipita kwa hao akina Azori, ambao hatujui hata walilima nini. Sasa wajukuu wangu watapita kwa nani? Nenda katafute watu wako, ndipo uje."

Wali nilipewa, ila sikujua hata ladha yake.

Nikapanda Mahenge kwa shangazi Leokadia. Naye kwanza alicheka, kisha akanisimulia: Yohane ni wa Ligoha, na Ligoha hakuwa mtu maarufu, ila mwaka wa njaa alitembea amembeba Yohane mgongoni mpaka walipopata chakula. Nililia, sifichi. Kumbe na mimi nilikuwa mgongoni pale.

Niliporudi Malinyi niliwataja wote nimesimama. Nilipofika kwa Ligoha mzee akanishika mkono. "Huyo ndiye niliyekuwa namngoja," akasema, na Kabula nikapewa.

Tangu hapo siruki jina hata moja, liwe gumu namna gani, watu wasinzie kanisani wakitaka. Hata nikitaka kusahau, mkwe wangu hakubali. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alidai kumpa jina yeye mwenyewe, akamwita Azori.

"Ulimtaja kwenye ukoo wako," akaniambia. "Sasa yumo."