Mashine Iliyokosa Mawese

Harufu ya mawese yanayochemka ilitupokea njiani kabla hatujafika nyumbani kutoka shuleni. Kule Mususa, katika mji wetu wa Butembo, ambako ukungu hulala juu ya mabati hadi asubuhi inapokaribia kwisha, harufu ile ilikuwa kama blanketi: nzito, yenye joto, ikishika nywele na sare zetu hata wenzangu darasani wakajua nimetoka kwa nani. Mama aliyachemsha mawese ndani ya nusu pipa mpaka wekundu wote ukatoka, yakabaki na rangi ya asali changa. Yakishapoa aliyamiminia maji ya soda kali, ile inayounguza ngozi, kisha wanawake wakakoroga kwa makasia ya mti, taratibu, upande mmoja tu, hadi uji ule ukawa mzito wa kumiminwa kwenye vibao. Kesho yake walikata miche kwa waya. Watu walimwita Mama Kavira, kwa jina langu, na sabuni yake nayo iliitwa sabuni ya Mama Kavira, kwa hiyo nilikua nikidhani kwamba mji mzima unafua nguo kwa jina langu.

Walikuwa wanne katika kazi ile: mama, dada yake ambaye sisi tulimwita mama mkubwa Masika, na majirani wawili. Mawese yaliletwa na Papa Paluku, mkulima wa michikichi kutoka upande wa Beni, huko bondeni kwenye joto. Alishuka kwenye lori kila wiki na madumu yake ya njano, na mama alikuwa akimshukuru kwa Kinande, "Wasingya, Papa Paluku, bila weye siye tungekuwa tunafulia majivu." Naye alicheka kwa sauti ya kutikisa ua wote.

Nilikuwa na miaka kumi mama mkubwa Masika alipopoteza jicho. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, nami nilikuwa nimekaa mlangoni nikimenya viazi. Kasia liliteleza, uji ukaruka. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile. "Maji, Kavira! Leta maji!" mama alipiga kelele, nami nikakimbia na bakuli, nikammiminia usoni, nikarudi kwenye pipa la maji ya mvua, nikammiminia tena, mpaka mikono ikafa ganzi. Hospitalini walifanya walichoweza. Jicho lilibaki jeupe kama ganda la yai. Jioni ile mama alikaa jikoni, akatazama makovu ya mikono yake mwenyewe, akamwambia baba, "Miye siwezi tena kuweka batu mbele ya hii pipa. Nitatafuta mashini ya kufunika, hata nikifanya miaka."

Kwa hiyo walipokuja wageni wa mradi wa kusaidia biashara ndogo zikue, mama aliona mbingu zimefunguka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walifundisha wiki kadhaa katika ukumbi wa parokia, na mama, aliyeacha shule mapema, alikwenda kila asubuhi na daftari langu la hesabu lililobaki kurasa chache. Alirudi akitamka maneno mapya kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai: soko, mteja, faida, mpango wa miaka mitatu. Mwishoni alichaguliwa. Angepewa mashine ya kukoroga yenye kifuniko na injini ya dizeli, kutoka Uganda, kupitia mpaka wa Kasindi. Sharti lilikuwa moja: awe na jengo lenye sakafu ya saruji. Baba, mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa maneno machache, aling'oa maharage yake yaliyokuwa nyuma ya nyumba yakiwa bado yanatoa maua, na hapo ndipo tulipojenga.

Jengo lilikamilika. Mashine haikuja. Baba alisema subira huvuta heri. Mama alijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya pipa iliendelea, ila sasa mama alikoroga peke yake, hakuna aliyeruhusiwa kusogea, na mimi nilisimama kwa mbali nikiwa na ndoo ya maji tayari, nikisali. Likizo ilipofika alinichukua tukaenda Kasindi. Tulipita Beni, tukangoja mpaka magari yakawa mengi na wanajeshi wakaruhusu msafara uondoke. Njia ile waasi walikuwa wakiyavizia magari, na mama alisali rozari hadi tulipoanza kuuona mpaka.

Mashine ilikuwa kwenye yadi ya wakala wa mizigo, katikati ya malori, imefungwa kamba, na jina la mama limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi. Mama alilisoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Papa, hii ni yangu. Jina yangu iko hapa."

"Ni kweli, mama," alijibu wakala, kijana mpole aliyekuwa akifuta jasho. "Mais, lakini barua ya kuitosha hapa yadini bado haiyafika."

"Itafika siku gani?"

"Miye pia sijuwe."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichanganya. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu. Mama alichukua ncha ya kitenge chake, akaipangusa mashine vumbi kuanzia kifuniko hadi magurudumu, kama anavyomwogesha mtoto. Kisha tukarudi Butembo.

Mashine ilifika msimu wa mvua uliofuata, na kwa wiki tatu nilimjua mama mwenye furaha. Mama mkubwa Masika ndiye aliyepewa kuiwasha. Alisimama kando ya kifuniko, mikono kiunoni, akacheka: "Inakoroga yenyewe! Siye tunakaa tu kama ba-patron, benye mali!"

Wiki ya nne Papa Paluku hakushuka kwenye lori. Iliyofuata alishuka, pamoja na mke na watoto watano, bila dumu hata moja. Kijiji chao kilikuwa kimeshambuliwa. Nyumba zimechomwa, na majina ya waliouawa aliyataja polepole, mama akifanya ishara ya msalaba kwa kila jina. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mama Kavira, michikichi iko. Matunda inaiva. Mais nani ataenda kuikata?"

Familia yake ilitandika mikeka kwenye sakafu yetu ya saruji, kuizunguka mashine, kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine penye paa. Mama alijaribu kupata mawese kutoka Kasugho, lakini barabara ile ilimezwa na matope, na machache yaliyofika yalikuwa ghali kuliko sabuni ambayo yangetoa. Wakati huohuo, kila msafara ulipofunguliwa, sabuni za ng'ambo ziliingia kwa barabara ileile ya Kasindi, nyeupe, zenye karatasi za kung'aa. Majirani wawili walirudi mashambani kwao.

Ndipo mama mmoja wa mradi alipokuja na kamera. Alisikiliza yote, machozi yakamlengalenga, nami naamini yalikuwa ya kweli. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ripoti inahitaji picha.

"Tunaomba muiwashe kidogo."

"Niweke nini ndani, madamu?"

"Hata maji tu."

Mikeka ikatolewa nje. Watoto wa Papa Paluku wakapangwa nyuma ya ukuta. Mama akavaa kitenge cha Misa, akasimama kando ya mashine iliyokuwa ikikoroga maji kwa kelele nyingi, akatabasamu alipoambiwa atabasamu. Gari lilipoondoka alizima injini. Mke wa Papa Paluku akakinga beseni, akayachukua yale maji kufulia nguo za watoto. Hakuwa na sabuni.

Mwaka uliofuata injini ilikwenda kwa mtu wa kinu cha unga, na Papa Paluku akaenda Lubero kulima shamba la watu. Mama sasa anauza sabuni za ng'ambo mbele ya nyumba. Hajawahi kuzilalamikia. Mama mkubwa Masika humsaidia kuzipanga.

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mahali fulani palikuwa na mtu mzima aliyesahau kufanya jambo dogo tu, na kwamba nikikua nitalifanya mimi. Nimekua. Kazi yangu ni kuwafundisha wanawake wenye biashara ndogo, Butembo na Beni, kutoka kitabu kizuri kuliko kile cha enzi ya mama, na baadhi yao kweli wamesonga mbele. Mwezi uliopita huko Beni, mama mmoja anayekamua juisi ya maracuja, yaani pasheni, aliinua mkono. Alikuwa amefuata masomo yote bila kukosa siku.

"Madamu, umetufundisha muzuri sana. Mais barabara ikifungwa, na bale ba ku mashamba bakikimbia, tunafanya aje? Iko ku ukurasa gani?"

Nilifungua kitabu, ingawa nilikijua chote, nikapekua hadi mwisho kwa sababu wote walikuwa wakinitazama. Nikamwambia haiko. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwenzake, akashika kalamu yake tena, akangoja niendelee.