Siku Niliyolinywesha Jiwe Maji

Kawangware wananiita Mzee wa Juisi, na kabla hamjalisikia jina hilo kwa mtu mwingine ni afadhali niwaeleze mwenyewe lilikotoka, kwa sababu wakilisimulia wengine ninaonekana mjinga, na nikilisimulia mimi ninaonekana mjinga vilevile, ila angalau hamtasahau kwamba mimi ndiye baba yake Mwende.

Mwende ni binti yangu wa pekee. Alisomea jiolojia (mimi nilisomea fasihi, na ndiyo maana nyumbani kwetu yeye hujua kitu ni nini na mimi hujua kinafanana na nini). Alipomaliza shahada yake ya pili, mhadhiri wake alimpa zawadi ya jiwe kutoka mgodi mmoja wa zamani huko ng'ambo. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, kipande cha mwamba wa kijivu, lakini upande mmoja ulifunikwa na gamba la fuwele zenye rangi ya chungwa lililoiva, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta sasa hivi. Linaitwa paskoiti. Ni kalsiamu na vanadiamu, akaniambia, pamoja na maji mengi yaliyojipanga ndani ya fuwele zenyewe, na ni adimu, na ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kulitia alama. Nilimwomba niwe mlinzi wa jiwe hilo kwa wiki moja. Alikubali, akanipa likiwa ndani ya kichupa cha kioo kilichofungwa vizuri.

"Baba, usilifungue," aliniambia. "Lina maji ndani. Likikauka linaharibika rangi."

Nililisikia neno maji. Hayo mengine niliyasikia kama mzazi mwenye furaha anavyosikia.

Sasa, Mwende alikuwa na sababu ya kulihitaji jiwe hilo Jumamosi. Kila Jumamosi huwafundisha sayansi wasichana wa Kongo, kitongoji kimoja cha Kawangware, katika ukumbi mmoja wa mabati ambao kamati ya mtaa ilikuwa imewaachia bure. Ila palitokea jamaa aliyeutaka ukumbi huohuo aonyeshe mpira, na yeye alikuwa tayari kulipa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Wafula, akasema atakuja mwenyewe Jumamosi hiyo aone kama hao wasichana wanafanya jambo la maana, na kama halipo, ukumbi uende kwa mpira. Jiwe ndilo lililokuwa la kumwonyesha.

Mimi huku nyumbani kwetu, mtaa wa Ayany, nikawa nimelifungua. Si mara moja. Kila aliyebisha hodi nilimkalisha, nikafungua kichupa, nikaliweka jiwe juu ya kitambaa cha televisheni, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyelizaa, "Hii ni vanadati yenye maji, na mwenye nayo ni binti yangu." Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliondoka bila chumvi lakini na mhadhara mzima. Mwishowe niliona kichupa kinanichelewesha, nikaliacha wazi palepale dirishani, lipigwe na jua, lipendeze.

Asubuhi ya Jumamosi nililisogelea kuliangalia. Ule mng'ao ulikuwa umekwenda. Kingo zilikuwa zimepauka, zikawa na rangi ya njano chafu kama meno ya mvuta sigara. Mwende alikuwa ameshatangulia Kongo kupanga viti, akiniachia mimi kazi ya kulipeleka jiwe. Nikalirudisha jiwe kwenye kichupa, nikatoka, nikipitia kwanza mtaa wa Laini Saba kwa fundi wa cherehani aliyekuwa na shati langu jipya jeupe (nisingeweza kukaa mbele ya mwenyekiti na shati la kila siku, mimi baba wa mwalimu).

Kando ya kibanda cha fundi kuna meza ya mboga ya Mama Zuhura, Mnubi mmoja tunayejuana miaka na mikaka. Nilipokuwa nikivaa shati nilimwona akifanya anachofanya kila saa jua likipanda: anatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji, anainyunyizia sukuma, na sukuma iliyokuwa imelegea inainua masikio. Nami nikaunganisha mambo. Jiwe lina maji, maji yamekauka, jiwe limenyauka. Kumbukeni pia kwamba mimi ni mtu wa Kitui, na kwetu Kitui hakuna kitu kilichowahi kuharibiwa na maji, kwa sababu hayajawahi kuwa mengi kiasi hicho.

Nikamwomba Mama Zuhura maji kidogo. Akanitazama nikiligeuzageuza jiwe mkononi, akasema, "Baba Mwende, kwani siku hizi hata mawe yananyauka?"

Nikamwambia hili si jiwe la kawaida, ni la chuo kikuu.

Nililinyunyizia, na wallahi (kama asemavyo yeye) rangi ikarudi, chungwa tupu, nikafurahi mno. Basi nikajiambia, kama tone moja limefanya hivi, likinywa lishibe si litawaka kabisa? Mama Zuhura akaniazima jagi lake la plastiki lenye mfuniko, lile la juisi ya futari. Nikalitia jiwe ndani, nikajaza maji, nikapanda bodaboda.

Barabara ya kwenda Kawangware mnaijua. Kila tuta lilikoroga, na kila shimo likakoroga tena, na mimi nyuma ya dereva nimelikumbatia jagi kama mtu anayepeleka mtoto kliniki, sikulitazama hata mara moja. Nilipofika, ukumbi ulikuwa umejaa wasichana, wazazi wamesimama ukutani, Mzee Wafula kashakaa meza ya mbele anajipepea kwa kofia. Mwende alikuwa ubaoni. Nililiweka jagi mezani mbele ya mgeni wa heshima, penye bilauri, nikaenda kuketi nikiwa nimeinua kifua.

Hapo ndipo nililitazama kwa mbali. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa, mazuri, mazito kwa macho, na chini kabisa kulikuwa na kipande cha mwamba wa kijivu, kitupu.

Mzee Wafula, mwenye kiu yake, akavuta jagi, akajimiminia bilauri tele, akasema asante kwa jumla.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka tu mkono wangu juu ya bilauri, bilauri ikipinduka, na shati jeupe likinywa kila kitu kuanzia kola hadi kiuno.

"Mzee, usinywe hiyo," nikasema.

"Kwani ni nini?"

"Ni jiwe."

Ukumbi mzima ukacheka. Msichana mmoja nyuma akasema, "Huyo mzee amekatalia juisi yake," na jina langu likazaliwa hapo. Mwende hakucheka. Alikuja polepole, akalishika jagi.

"Baba, jiwe liko wapi?"

"Umelishika," nikamwambia.

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, nimesoma insha zangu mpaka watu wakasinzia, lakini sijawahi kutamani sakafu inimeze kama siku ile. Nilijua ukumbi umekwenda. Niliuona mpira ukionyeshwa mle ndani. Mwende akaliinua jagi kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa muda, kisha akawageukia wasichana wake, akaniacha nikichuruzika maji.

Akawaambia kwanza kwamba ni sumu, asionje mtu. Kisha akasema huko jiwe lilikotoka hakuna aliyelichonga. Maji hupenya ndani ya mwamba wenye vanadiamu, huibeba kidogo kidogo, na yakifika kwenye ukuta wa handaki lililochimbwa na watu hukutana na hewa, yakakauka, na kinachobaki ukutani ndicho paskoiti. Ndiyo maana maji hulila, kwa kuwa maji ndiyo yaliyolileta.

"Baba hajaliharibu," alisema. "Amelirudisha tu pale lilipokuwa kabla halijawa jiwe."

Akaomba sahani nyeupe kadhaa, akayamimina maji yale humo, akazipanga juu ya kabati la dirishani, akazifunika kwa chandarua. Akasema likikauka litarudi. Mzee Wafula, ambaye alikuwa ameisukuma bilauri mbali kama nyoka, akauliza, "Na lisiporudi?"

"Lisiporudi, mpe ukumbi mtu wa mpira."

Mzee akacheka kidogo. Akasema yeye amezaliwa, amezeeka, na hajawahi kuona jiwe likizaliwa, na hataki mtu yeyote aziguse sahani zile hadi Jumamosi ijayo.

Wiki hiyo sikuandika hata sentensi moja. Jumamosi nilikwenda na shati lilelile, lenye ramani ya chungwa kifuani, kama adhabu. Mwende akaondoa chandarua. Sehemu nyingine zilikuwa za njano isiyo na sifa, sitawadanganya, lakini kando ya kila sahani palikuwa na duara la fuwele ndogo, chungwa, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Wasichana walizigombania kwa macho. Mzee Wafula alivaa miwani, akainama, akakaa ameinama mpaka watu wakaanza kuhofia mgongo wake.

"Huyu mwalimu ni binti wa nani?" akauliza.

Wasichana wakajibu kwa pamoja, "Wa Mzee wa Juisi."

Nikasimama.

Mtu wa mpira aliambiwa atafute kwingine. Mimi nimeapa kwamba nikiambiwa tena usifungue, sitafungua, na kwamba kunyunyiza maji nitamwachia Mama Zuhura. Shati lile bado liko kabatini kwangu. Sijalifua, wala sitaligusisha maji.