Baiskeli Isiyokwenda Popote ya Fundi Ignasi

Saa moja asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Baiskeli imegeuzwa miguu juu, imesimama kwa tandiko na usukani, kama ilivyo desturi ya mafundi. Mbele ya pedali, kwenye kigoda, ameketi Mboni, mshonaji wa miaka arobaini na minne. Mkono wake wa kulia umefungwa kwenye pedali kwa kipande cha tyubu.

"Sukuma, mtani!" anafoka Ignasi, fundi baiskeli, huku akiziba pancha ya mteja. "Mbona kwenye sahani ya ubwabwa mkono huo hauchoki?"

"Ngoja mkono upone. Kofi la kwanza ni lako," anajibu Mboni, jasho likimtiririka. Mmoja wa Lindi, mwingine wa Masasi, hawaachiani.

Lakini leo utani wenyewe una wasiwasi ndani yake. Saa tatu Mboni anatakiwa mbele ya mwenyekiti wa ushirika wao wa washonaji. Akishindwa kuzungusha cherehani ya mkono, mashine atapewa mwingine. Na siku hizi za msako, asiye na kazi mjini hupakiwa kwenye lori akalime kijijini. Atalima kwa mkono upi, hakuna mkubwa aliyeuliza.

Kiharusi kilimpiga mwezi wa pili. Hospitalini alikopelekwa kuna mashine moja ya kuzoesha viungo, imetoka ng'ambo. Mkanda wake ulikatika mwaka juzi. Barua ya kuomba mkanda iliandikwa. Barua ikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati yuko semina. Semina za wakubwa haziishi. Mikono ya wadogo ndiyo inayokauka.

Muuguzi Theopista alimwambia Mboni asiuache mkono ulale, auzungushe kila siku. Auzungushe kwa kitu gani? Hilo ndilo Mboni alilokwenda kumlalamikia mtani wake.

Ignasi alikuwa amegeuza baiskeli, anakaza mnyororo. Akamtazama Mboni pale kigodani, akatazama pedali. Zimekaa sawasawa na kifua chake.

"Nikamwambia, hebu shika hapa," anakumbuka. "Miaka kumi na tisa nageuza baiskeli za watu, sikuwahi kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu."

Mwanzoni alikosea, na kosa lenyewe ni la kifundi. Gurudumu la nyuma lina friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke hata pedali zikitulia. Fundi hujisifia friwili laini kama mama anavyojisifia mtoto aliyenona. Ignasi aliiosha kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi aliyoipata kwa kubembeleza. Basi ikawa pedali ikifika juu, mkono mgonjwa unakwama, na gurudumu linakwenda zake likiimba tik-tik-tik.

"Wiki tatu nilimpotezea kwa majivuno yangu," anasema, akiinamisha kichwa. "Gurudumu linapendeza, mkono wa mtu umelala."

Theopista alipopita, alitazama kidogo, akasema gurudumu linatakiwa liuchukue mkono, siyo liukimbie. Jioni ileile Ignasi akaipeleka friwili kwa mchomeleaji, ikachomelewa ikaganda. Kwa fundi baiskeli, hiyo ni sawa na mshonaji kuunguza kitambaa kwa pasi, makusudi.

Tangu hapo gurudumu likishika kasi linauburuta mkono kupita pale unapokwama. Baadaye akawa anakaza breki, kidogo kidogo, ili mkono nao utoe jasho. Mwezi uliopita aling'oa pedali ya kushoto. Mkono mzima, uliokuwa ukimsaidia mwenzake, ukabaki mtazamaji.

Siku nzuri Ignasi hupata shilingi sitini, na ana watoto watano. Mboni hatozwi kitu. "Nikimtoza," anasema, "mimi na wale wa kabatini tuna tofauti gani?"

Saa tatu kasorobo anafunga kibanda, jambo ambalo majirani hawajaliona tangu msiba wa mama yake, anamsindikiza Mboni.

Mwenyekiti Gaudens amesimama, mikono nyuma. Mboni anatandika kipande cha kaki chini ya sindano. Mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Wa kulia unashika mpini, unazungusha. Mara ya nne, juu kabisa, unakwama. Washonaji wenzake wanaacha cherehani zao, wanatazama.

"Sukuma, mtani," anasema Ignasi kutoka dirishani, safari hii polepole.

Mkono unasukuma, unapita. Sindano inakwenda.

Gaudens anainua kitambaa kwenye mwanga. "Mshono umepinda."

"Umepinda, Mwenyekiti," anasema Mboni. "Lakini umefika mwisho."

Washonaji wanaangua kicheko. Gaudens anakirudisha kitambaa mezani. "Haya. Mashine ibaki. Ila kola usiguse kwanza."

Nje, Mboni anamchapa Ignasi kofi la bega. Kwa mkono wa kulia.

"Hilo ndilo deni lako."

"Jepesi hilo," anasema Ignasi, akifuta macho kwa mkono wenye grisi. "Kesho urudi."

Kibandani wanamsubiri wagonjwa wengine watatu wa kiharusi, waliosikia habari za Mboni, na baiskeli ya kazi hiyo ni moja. Ignasi ameshaona ya pili: imeegemezwa nyuma ya ofisi moja ya wakubwa, inaliwa na kutu tangu mwaka jana. Kesho kutwa ataiomba.

"Wakinipa, siileti huku," anasema. "Nitaigeuza miguu juu mlangoni kwao. Wakitoka semina, waanze kuwaruka wagonjwa ndipo waingie ofisini."