Guia ya Watu Wawili Mpaka Pemba

Kilichoniondoa Kionga si matembezi. Dada yangu Mwanaisha, ambaye akiita kuku wake hata wa Tanzania wanageuka, alikuwa ameota uvimbe kwenye titi, mgumu kama kokwa. Daktari wa msafara wa afya aliukata pale Palma, akautia katika chupa ya dawa kali waitayo formol, akasema lazima utazamwe kwa hadubini Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa cha karafuu. Kama ugonjwa ulikuwa umeshatoka nje ya uvimbe, dada angepelekwa Maputo kwa matibabu marefu, na daktari hakutuahidi kwamba atarudi. Kama haujatoka, basi amepona.

Dada alikubali kwa sharti moja. Kwetu kinachotoka mwilini mwa mtu hakitupwi, huzikwa. Kwa hiyo nyama yake irudi Kionga. Kisha akanitazama mimi.

"Bakari, wewe ndiye msomi wetu wa shule ya usiku. Nipeleke, halafu unirudishe."

Kweli nilikuwa nimehitimu juzijuzi tu. Wilaya nzima ilikuwa na vibao viwili vya barabarani, na vyote nilikuwa nimeshavisoma.

Palma, asubuhi. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mtu hakutoka wilaya moja kwenda nyingine bila guia, karatasi ya serikali inayosema wewe ni nani na unakwenda wapi. Karani alikuwa mtu wa Zambezia aliyeletwa kwetu kikazi, mpole, mfuata sheria mpaka katika kupiga chafya. Akauliza chupani mna nini. Nikamwambia ni dada yangu. Akaweka kalamu chini. Nilipokwisha kumweleza, akafikiri kwa muda ambao mnazi ungeota na kuzaa, kisha akataka kujua kama nyama ya raia ni mzigo au ni raia.

"Kamarada," nikamwambia, "dada yangu hajawahi kuwa mzigo wa mtu."

Akaandika: Kamarada Bakari, pamoja na sehemu ya Kamarada Mwanaisha. Akagonga muhuri.

Barabara ya Mocímboa. Nilipanda lori la mbata, na habari za chupa zilikuwa zimepanda kabla yangu. Watu waliobanana kama mbata zenyewe wakanipisha nafasi ya kulaza ng'ombe. Mama mmoja wa Kimwani akauliza kwa upole kama huyo wa chupani anakula. Nikasema hali, ila anasikia. Safari nzima hakuna aliyesengenya mtu.

Kwenye kizuizi, mgambo aliisoma guia yangu kwa kidole, akatuhesabu, akahesabu tena.

"Hapa mmeandikwa wawili. Wa pili yuko wapi?"

Nikainua chupa. Mgambo akarudi nyuma kama nyumba tatu hivi. Lori likapita bila gunia hata moja kufunguliwa, na dereva akaniomba nisafiri naye maisha yangu yote.

Pemba niliingia mwekundu kwa vumbi, hata mama yangu angeniuza kama tofali. Hospitalini alinipokea daktari wa hadubini, dotora Celeste, mwenyeji wa Beira, akachukua chupa, akaniambia nisubiri siku kadhaa. Nilifikia kwa fundi cherehani mmoja wa ukoo wetu. Mkewe alinisogezea samaki kila mlo, na kila mlo samaki alirudi jikoni mzima. Hapo sitii chumvi.

Siku ya kuitwa, dotora aliniketisha mbele ya hadubini. Nikaona zambarau na waridi, kama kanga iliyochuja rangi. Akanieleza kwa Kireno chake, nami nikamjibu kwa changu, kile cha shule ya usiku. Mwili umejengwa kwa seli, akasema, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na seli nzima, zisizo na ugonjwa, zimeshikana mikono, tena zimeshikilia utando ulio chini yake. Seli nzima ikibanduka mahali pake haiishi: hujikunja, hujifia kwa utaratibu, na jirani zake hula mabaki. Lakini ya saratani saa yake ya kufa ikifika hukataa. Huongezeka. Na siku ikiwa mbaya zaidi huwaachia wenzake mikono, hutoboa utando, hutambaa mpaka kwenye damu au kwapani, ikashukia kwenye pafu au mfupa.

"Yaani inasafiri bila guia," nikasema.

Dotora akacheka mpaka akavua miwani. "Bila guia, kamarada. Na popote inaposhuka, inajenga."

Nikamuuliza hizi za dada zimefika wapi. Akanirudisha kwenye kioo. Pale katikati zilikuwa zimekataa kufa na zimerundikana. Ilikuwa saratani kweli, hakunificha. Halafu akanionyesha ukingoni.

"Utando mzima, haujatobolewa. Bado zimeshikana. Hakuna iliyotoka, na daktari wa Palma amekata nje ya mpaka pande zote. Dada yako amepona."

Nilimshukuru kwa Kireno, Kiswahili, Kimakonde, na lugha nyingine nilizozibuni palepale.

Tukagombana kidogo tu, juu ya sharti la dada. Chupa alinirudishia, lakini vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vilivyobandikwa kwenye vioo, alivizuia: siku dada akiugua tena, watalinganisha. Nilimsomea mila zetu zote. Hakutikisika.

Kurudi, sikumbuki njia, nadhani niliruka. Dada alinisubiri uani, amesimama. Nikamwambia haikutoka hata moja. Akakaa chini taratibu, akajifunika uso kwa kanga. Kisha ikaja ile sauti yake ya kuitia kuku, na Mikindani nasikia walifunga madirisha.

Tuliizika ile nyama kando ya nyumba, katika kitambaa cheupe. Ndipo nikamwambia kwamba vile vipande vyembamba vimebaki Pemba. Dada akauliza kama vilifika huko na guia. Nikamsomea, mpaka kwenye muhuri.

"Basi viache," akasema. "Mimi Pemba sijafika, na sasa nina makazi huko. Tena ya halali."

Nilichojifunza ni hiki: ile kokwa tuliikuta ingali nyumbani kwake, bado haijafunga safari. Dada mwenyewe aliwaambia hivyo wanawake kwenye mkutano wa kijiji, wajipapase, na atakayekuta kokwa asiifiche hata wiki. Hakuhitaji kipaza sauti. Ninapoandika haya anaita kuku, na ng'ambo ya Ruvuma wanageuka.