Niliangusha Mashine Mbili, Akapunguzwa Mwenzangu

Jamani, kosa lilikuwa langu. Ninaliandika bila jina kwa sababu nimechoka kulibeba, na kwa sababu aliyelilipia si mimi.

Nilikuwa fundi wa mifumo kwenye shirika moja la umma Dar es Salaam, miaka ile mashirika yanaanza kuuzwa na kila idara inasikia fununu za kupunguza watu. Tulikuwa na kompyuta kubwa tatu, mbili za zamani na moja mpya, kila moja kama kabati la nguo. Zikiwashwa, kabla ya kazi yoyote husoma kwanza mipangilio yao: diski ipi ya kuanzia, kumbukumbu kiasi gani, programu zipi zianze. Kulikuwa na faili la pamoja lililosomwa na zote, na kila mashine ilikuwa na faili lake dogo. Kazi yangu ilikuwa kuyatunza hayo.

Kanuni niliijua vizuri. Ukibadilisha kitu, badilisha kwa mashine moja, iwashe upya, uone imeamka salama, ndipo uende kwenye nyingine.

Siku moja baba alikuwa mgonjwa kwetu Chome, juu milimani Upare, na basi la Same lilikuwa linaniacha. Nilitakiwa kubadili diski ya kuanzia kwa mashine mpya tu. Nikafungua faili la pamoja nikidhani ni lile dogo, nikaandika, nikafunga, nikakimbilia stendi. Sikuwasha upya chochote. Mashine nazo hazikulalamika, maana mipangilio hiyo haisomwi mpaka ziwashwe tena.

Nikiwa mlimani namuuguza baba, umeme ukakatika Dar. Uliporudi, zamu ilikuwa ya opereta mwenzetu, nitamwita Elisante, Mpare wa Ugweno, kaka yangu kwa umri. Opereta akiwasha kila mashine huandika herufi mbili kuiambia mashine isome mipangilio ipi. Akaandika zilezile za kila siku. Mashine mpya ikaamka. Zile mbili za zamani zikagoma, zinatafuta diski ambayo hazijawahi kuwa nayo.

Wakubwa wakamwambia mpya imeamka, kwa hiyo mipangilio ni mizima, wewe ndiye uliyekosea kuandika ukazivuruga.

Mimi nikaletewa telegramu kutoka posta ya Same: rudi, mashine zimekufa. Mdogo wangu alipanda nayo mlima kwa miguu. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikakumbuka lile faili.

Nilipofika kazini nilijua pa kugusa. Nikarudisha jina la diski la zamani kwenye faili la pamoja, mashine zikaamka, meneja akanishika mkono mbele ya idara nzima. Akasema mtu kama huyu hatuwezi kumwacha aende. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Nikaufunga.

Majina ya wa kupunguzwa yalipotoka, la Elisante lilikuwemo. La kwangu halikuwemo.

Siku anaondoka alinikuta ngazini na sanduku lake. Akaniambia, "Dada, labda kweli niliandika vibaya. Nilikuwa nimechoka siku ile."

Nikamwambia pole kaka. Basi! Pole kaka, nikapanda ngazi.

Shirika lenyewe likaja kuuzwa, nami nikarudi Same. Nikafungua duka dogo la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kila mteja akiniuliza nilijifunza wapi kompyuta, namtajia bei ya fotokopi. Nilikuwa nasikia Elisante yuko Ugweno, analima kahawa na ndizi, na bei ya kahawa ilivyoanguka mnaijua. Safari ya kwenda Mwanga, unapopandia Ugweno, si ndefu. Miaka ikapita siendi.

Mwaka huu nilikwenda. Nikachukua bodaboda pale Mwanga, tukapanda. Nilimkuta anapalilia migomba, mvi zimejaa. Nikamwamkia shikamoo kaka, akaitikia marahaba, akafurahi kweli kuniona. Nikamweleza pale pale shambani, faili gani nilifungua na kwa nini mpya iliamka. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe. Aliuliza kitu kimoja tu, kama herufi zake zilikuwa sahihi. Nikasema zilikuwa sahihi.

Akaliegemeza jembe kwenye mgomba. Kisha akasema, "Twende nyumbani. Mke wangu ameishi na mimi miaka yote hii akiamini ni uzembe wangu. Na mimi nilimkubalia. Uyaseme mbele yake."

Nikayasema tena, jikoni, mkewe anamenya ndizi. Alipoelewa akaweka kisu chini.

"Ulijua tulirudi huku na watoto?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Alimgeukia mumewe, akamwita kwa jina lake la utotoni, akaanza kulia. Mimi nikatoka nje, hawakunizuia.

Ndugu zangu mnaoshika mitambo, hata iwe midogo: jaribuni kwa mashine moja kwanza, na msiondoke kabla hamjaiona inaamka. Lakini kukosea si kitu, hata mashine zile ziliamka siku ileile niliyorudi. Ukikosea, sema kabla mwenzako hajaanza kujishuku. Nilichelewa, na kumbe mtu anaweza kuzeeka akiulaumu mkono wake mwenyewe ambao haukukosa lolote.