Siku Nilipokipigia Kiota Magoti

Niliapa siondoki kichakani bila picha ya ndege akilisha makinda yake. Studio moja ya picha ya Kakoba, mjini Mbarara, ilitaka kuitundika. Tangu asubuhi nilipiga magoti mbele ya kiota, nikinong'ona, "Njoo, mama, njoo."

Huku kwetu Juru, anayepiga magoti porini huwa amefunga, anaomba. Wamama wa kanisa wakitoka shambani kabla ya chakula cha mchana wakaniona, mimi nisiyeonekana kanisani hata Krismasi, wakapiga magoti nyuma yangu, wakafunga nami. Niliwasikia, lakini ningegeuka, ndege angeruka.

Jioni nikapata picha yangu.

"Mungu amekuonyesha nini, ndugu?" akauliza mke wa mchungaji.

Nikamwonyesha kamera. Akamtazama sana yule kinda mwenye funza mdomoni.

"Kumbe sisi bote tumeshinda na njaa, na huyu ndiye alikuwa anakula."